Pasta ya Uyoga yenye Rojo Zito, kwa Krimu au kwa Tui: Mwongozo wa Anayeanza

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza. Mpwa wangu aliuliza saa moja kabla ya futari, jirani aliuliza kisu kikiwa tayari mkononi, na juzi kijana wa bodaboda aliyeniletea mtungi wa gesi aliona sufuria mezani, naye akauliza. Maswali ni yale yale. Mbona yangu inageuka supu? Uyoga unaoshwa au hauoshwi? Krimu ikikosekana, tui litafaa? Mbona pasta inashikana donge moja kama ugali? Basi nimeyaandika yote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa nami niendelee na shughuli zangu.

Malindi hii pasta si mgeni. Wataliano wamekuwa nasi tangu enzi za San Marco, ile kambi ya Ngomeni iliyorusha setilaiti yake ya kwanza kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na leo kuna vijana wetu wanaojadiliana bei kwa Kitaliano bila kupepesa macho. Lakini pasta ya rojo jeupe bado tunaiona kuwa chakula cha hoteli, cha kulipia. Mimi nilifanya kazi miaka minne jikoni mwa mkahawa mmoja wa Kitaliano, nikianzia kwenye karo la kuoshea masufuria. Hiki ndicho chakula ambacho wapishi wenyewe walijipikia saa tano usiku, wageni wameondoka, kila mtu amechoka na hakuna anayetaka kazi tena.

Jambo moja ukilishika, mengine yatakuja yenyewe: chakula hiki kina maji ya kufukuza na maji ya kuwekwa akiba. Maji yaliyo ndani ya uyoga yafukuze yote. Maji uliyochemshia pasta usiyamwage yote. Karibu kila aliyeniletea malalamiko alikuwa amefanya kinyume.

Vitu vya kuweka mezani kabla hujawasha jiko

Vipimo hivi ni vya watu wanne, au watatu waliofunga.

- Pasta kavu, gramu 400
- Uyoga, gramu 400 hadi 500
- Kitunguu kimoja kidogo
- Thomu (kitunguu saumu), punje 3
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vikubwa
- Siagi, kijiko 1 kikubwa kilichojaa
- Krimu ya kupikia, mililita 200 hadi 250, au nazi moja kubwa iliyokomaa
- Chizi ngumu ya kukuna, gramu 50 (ukitumia tui, iache)
- Ndimu moja
- Pilipili manga, isagwe au itwangwe papo hapo
- Chumvi
- Majani kidogo ya dania au ya kitunguu kibichi

Vyombo: sufuria kubwa ya lita 4 au 5, kikaango kipana kuliko vyote ulivyo navyo, mwiko, upawa, chujio, na kikombe kikubwa cha chai. Hicho kikombe kiweke ndani ya chujio sasa hivi, kabla hujaanza. Utajua sababu mbele.

*Pasta.* Spageti, penne, zile pana kama utepe, zote sawa. Tafuta pakiti iliyoandikwa durum, yaani ngano ngumu. Pasta ya unga laini wa kawaida hulegea upesi, ukigeuka kuchukua chumvi umeshaikosa. Na zile tambi zetu nyembamba za kukaangwa na kutiwa sukari na iliki zisikaribie hapa kabisa. Mahali pake ni kwenye siniya la futari.

*Uyoga.* Hapa tukae kidogo.

Mwingi tunaoupata madukani Malindi ni ule mweupe wa mviringo, kama kifungo cha kanzu, umefungwa kwenye visahani vya plastiki. Kuna pia ule wa kahawia, ambao ni jamii ile ile ila una ladha kubwa zaidi, na kuna wa aina ya oista, mpana na mwembamba kama sikio. Wote unafaa. Ule wa oista usiukate kwa kisu, uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, na sehemu ngumu ya kikonyo uitupe.

Shida yetu ni safari na joto. Uyoga mwingi hutoka bara, na ukishafika Pwani umekwisha kutokwa jasho ndani ya plastiki. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia juu tu. Geuza kisahani. Ukiona matone chini, uyoga wenye madoa meusi au unaong'aa kama umepakwa mafuta, urudishe rafuni. Ukifika nyumbani toa plastiki, utie kwenye mfuko wa karatasi au ufunge kwa gazeti safi, weka frijini, na upike siku hiyo au kesho yake. Mmoja ukiwa na utelezi utoe upesi. Unajua yale ya nazi mbovu.

Onyo moja, nalo silitanii. Masika yakinyesha, uyoga huota mashambani, na wako wazee wanaoujua wao kwa wao, mmoja mmoja, kwa jina na mahali unapoota. Kama wewe si miongoni mwao, usiuguse. Uyoga wenye sumu haupotezi sumu kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa, na ile sumu mbaya zaidi hukaa saa sita au zaidi kabla ya kutapika kuanza, wakati ini limekwisha kudhurika. Habari za kijiko cha fedha kugeuka cheusi, au za "kobe ameula na hakufa", ni hadithi tu. Nunua wa kupandwa.

*Krimu.* Ile ya pakiti isiyohitaji friji mpaka ifunguliwe ndiyo inayotufaa, kwa sababu stima zetu tunazijua. Kama unachemsha maziwa ya ng'ombe nyumbani, malai yake nayo ni krimu safi kabisa, kusanya ya siku mbili tatu. Mtindi usijaribu. Ukikutana na moto unakatika vipande vipande.

*Chizi na mvinyo.* Naulizwa sana na Waislamu wenzangu, kwa hiyo najibu hapa. Mapishi mengi ya Kitaliano hutia mvinyo mweupe kwenye uyoga. Kazi yake kubwa ni kuleta uchachu unaokata uzito wa krimu, na kazi hiyo ndimu inaifanya. Chizi ile maarufu ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, na si kila mtu ataridhika na namna ndama huyo alivyochinjwa. Soma pakiti, zipo chizi ngumu zilizogandishwa kwa kimeng'enya kisicho cha mnyama. Au iache tu, ongeza chumvi kidogo na siagi kidogo. Hakuna atakayekudai.

Hatua kwa hatua (kwa krimu)

1. Bandika maji kwanza. Lita 3, kwenye moto mkali, na funika. Yakichemka tia kijiko kimoja kikubwa na nusu cha chumvi. Najua kinaonekana kingi, lakini sehemu kubwa itamwagwa na maji, na pasta iliyochemshwa bila chumvi hailetwi tena na chumvi ya juu. Tahadhari kwa wanaotumia maji ya kisima: visima vingi vyetu vina chumvi yake tayari. Yaonje kwanza kisha upunguze. Kama mfereji wako una maji ya Baricho, yale ya bomba yasiyo na chumvi, kipimo ni hicho hicho nilichotaja.

2. Safisha na ukate uyoga. Unaoshwa, naam. Lakini unaoshwa kama unavyoosha uso ukiwa umechelewa: maji ya kupita, haraka, kisha ukaushe mmoja mmoja kwa kitambaa. Usiuloweke bakulini. Ukate vipande vya unene wa nusu sentimita. Ukiukata mwembamba kama karatasi utapotea wote kikaangoni na utajiuliza nani ameula.

3. Katakata kitunguu vidogo vidogo na uponde thomu. Viweke mbali mbali. Haviingii pamoja.

4. Kaanga uyoga peke yake, bila chumvi. Hii ndiyo hatua yenyewe. Pasha kikaango mpaka tone la maji likianguka lirukeruke, tia mafuta, kisha tandaza uyoga usizidi safu moja. Kikaango kikiwa kidogo, kaanga kwa mafungu mawili. Halafu uuache. Dakika mbili, tatu, usiguse. Uyoga ni maji kwa sehemu kama tisa katika kumi, na ukiurundika maji hayo hayapati pa kutokea. Unachemka ndani ya jasho lake na kugeuka kijivu. Chumvi nayo huyavuta maji nje yote kwa mpigo, ndiyo maana nikasema isubiri.

   Sasa tega sikio. Mwanzoni utasikia sauti ya kuchemka, ya majimaji. Baada ya dakika tano, sita, sauti hubadilika na kuwa ya kukaanga, kali na kavu, kama ya dagaa kwenye mafuta. Hapo maji yamekwisha. Geuza, acha upande wa pili upate rangi ya kahawia, kama ya maganda ya korosho iliyochomwa. Jumla ni dakika nane hadi kumi. Wala usiogope kwamba utaiva kupita kiasi: uyoga umejengwa kwa kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kamba na kaa, na hauyeyuki hovyo kama nyanya. Mpishi wangu wa zamani alikuwa akinipiga kofi la mkono kila nikiushika mwiko mapema. Sikumpenda kwa hilo, ila rangi ya uyoga wake sijaiona kwingine.

5. Tia pasta majini uyoga unapoanza kupata rangi. Maji yawe yanatokota kwelikweli. Koroga mfululizo dakika mbili za kwanza, maana hapo ndipo pasta hushikana. Baadaye koroga mara moja moja. Usitie mafuta majini. Yataelea juu, hayafiki kwenye pasta mpaka unapochuja, na hapo yanaipaka utelezi ambao utazuia rojo kuishika. Soma dakika zilizoandikwa kwenye pakiti na utoe mbili. Kama imeandikwa 10, wewe ni 8.

   Kuhusu kuvunja spageti katikati ili ziingie sufuriani: Mtaliano akikuona atashika kichwa. Sufuria yako ni ndogo? Vunja, na umwambie akununulie kubwa.

6. Punguza moto wa uyoga, tia siagi na kitunguu. Sasa ndipo chumvi kidogo na pilipili manga. Dakika tatu, kitunguu kilainike. Kisha thomu, dakika moja tu. Thomu ikitangulia huungua na kuwa chungu, na uchungu huo krimu haiufichi. Toa vijiko viwili vya uyoga uliopendeza uweke kando, utakuja juu ya sahani.

7. Chota upawa mmoja wa maji ya pasta, mimina kikaangoni. Kwangua chini kwa mwiko. Ile rangi ya kahawia iliyoganda chini ya kikaango ndiyo ladha, usiiache ikaenda kwenye karo.

8. Mimina krimu. Moto mdogo, dakika mbili au tatu, ichemke kwa vipovu vidogo. Itaonekana nyepesi kidogo. Iache hivyo hivyo, pasta bado haijaingia.

9. Chota kikombe kizima cha maji ya pasta KABLA ya kuchuja. Kile kikombe nilichokwambia ukiweke ndani ya chujio? Kazi yake ni kukuzuia. Huwezi kuchuja bila kukitoa, na ukikitoa utakumbuka. Maji haya yana wanga ulioachwa na pasta, na wanga ndio unaofunga mafuta ya krimu na maji yakawa kitu kimoja, laini, kinachong'ang'ania. Ukiyamwaga, hakuna kingine jikoni kitakachofanya kazi hiyo vizuri hivi.

10. Chuja, na usisuuze. Kuna watu huipitisha pasta kwenye maji ya baridi kama wanaosha mchele. Wanga wote huo umekwenda, na joto pia. Pasta itoke kwenye chujio iingie kikaangoni moja kwa moja, ikiwa bado inadondoka. Ing'ate moja: iwe imeiva nje lakini katikati ina ubishi kidogo kwenye jino. Wataliano huita al dente.

11. Zigeuze pamoja. Moto wa wastani, ongeza robo kikombe ya maji uliyoweka, na ugeuze kwa nguvu dakika moja hadi mbili. Pasta inamalizia kuiva hapa, ikinywa rojo badala ya kunywa maji. Ikikauka ongeza maji kidogo kidogo. Inatakiwa ukivuta mwiko chini ya kikaango, njia ionekane kisha ijifunge taratibu.

12. Zima moto. Ndipo chizi iliyokunwa, nusu ya ndimu, na majani. Chizi ikiingia juu ya moto mkali hushikana madonge na nyuzi. Onja chumvi sasa, si kabla, kwa kuwa chizi ina chumvi yake. Pakua mara moja. Walaji waitwe mezani ukifika hatua ya 10, maana pasta haina subira ya mtu anayemalizia kuangalia mpira.

Wanaopenda ndizi mbivu pembeni, kama majirani zetu Wasomali wanavyokula pasta yao ya nyama, sina neno. Jaribu. Ndizi na uyoga havijagombana mezani kwangu.

Kwa tui

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu ni ndiyo, linafaa sana. Ila usimimine tui mahali pa krimu ukadhani mambo ni yale yale. Tui lina tabia zake, na mama zetu wanazijua kuliko mpishi yeyote wa mikahawa ya Lamu Road.

Chagua nazi iliyokomaa, nzito, ukiitikisa maji yake yasikike. Ikune kwenye mbuzi, uishie kwenye weupe; ukifika kwenye ganda la kahawia tui linapoteza rangi. Tia nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kanda kwa mkono dakika moja, kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi. Hiyo ni kasimile, iweke kando. Rudisha machicha, tia kikombe kimoja cha maji, kamua tena. Hilo ni tui la pili, jepesi.

Fuata hatua ya 1 hadi ya 6, ila tumia mafuta tu, siagi iache. Kwenye hatua ya 7, mahali pa maji ya pasta, mimina tui la pili na ulichemshe na uyoga dakika nne au tano lipungue kwa nusu. Hapo tia pilipili mbichi moja iliyopasuliwa kidogo tu, ibaki nzima, isipasuke zaidi. Kisha punguza moto kabisa na uingize kasimile. Kuanzia hapa mkono usiondoke: chota kwa upawa na ulimimine lile lile, chota, mimina, kama unavyofanya kwa mchuzi wa samaki, mpaka lianze kutoa vipovu pembeni. Likiachwa litokote peke yake litakatika, mafuta juu na maji chini. Pasta iingie, maji ya wanga kidogo, zima, kamua ndimu nzima. Chizi usitie. Nilijaribu mara moja kwa ubishi na watoto wakala mkate.

Ukitumia tui la pakiti au la kopo, lichanganye nusu na maji ya moto kwa ile awamu ya kwanza, na nusu iliyobaki iingie mwisho bila maji. La unga likoroge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu pembeni. Ukilinyunyiza kikaangoni likiwa kavu litafanya vidonge.

Hakuna krimu wala nazi, kuna maziwa tu

Baada ya hatua ya 6, nyunyiza kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano juu ya uyoga na siagi, koroga dakika moja mpaka harufu ya unga mbichi iishe, kisha mimina maziwa mililita 300 kidogo kidogo huku ukikoroga. Yatakuwa mazito kwa dakika tatu hivi. Ndimu hapa iwe matone machache tu, na mwisho kabisa, moto umezimwa. Si sawa na krimu, ila mwisho wa mwezi inapita.

Ikiharibika

*Imekuwa supu.* Uyoga haukukauka, au umemimina maji ya akiba yote kwa mara moja. Ongeza moto, geuza bila kuacha dakika mbili. Pasta yenyewe itanywa. Usikimbilie kutia unga mbichi.

*Imekauka na kushikana kabla haijafika mezani.* Vijiko vitatu vya maji ya akiba yakiwa moto, geuza, itafunguka. Umeyamwaga? Tumia maji ya moto ya kawaida na kipande cha siagi, na mara ijayo weka kikombe kwenye chujio.

*Krimu imekatika, vipunje vinaonekana.* Moto ulikuwa mkali au ndimu iliingia mapema. Ondoa jikoni, tia vijiko viwili vya maji ya wanga na ukoroge kwa nguvu. Mara nyingi hurudi. Tui lililokatika halirudi vizuri hivyo, lakini linalika; ladha haijaenda popote, ni sura tu.

*Uyoga ni kijivu na unateleza kama bamia.* Umerundika. Toa nusu, ongeza moto, subiri maji yakauke. Bado hujachelewa ikiwa krimu haijaingia. Ikiwa imeingia, kula hivyo hivyo.

*Haina ladha.* Ni chumvi karibu kila mara, au ndimu. Ongeza kidogo, onja, ongeza. Watu hukimbilia kutia mchemraba wa supu. Mmoja unatosha kufanya kila chakula cha nyumba kiwe na ladha moja.

*Chumvi imezidi.* Krimu zaidi au tui zaidi, na maji ya akiba usiyaguse tena kwa kuwa nayo yana chumvi. Maji ya moto yasiyo na chumvi ndiyo yatumike.

*Thomu imeungua.* Toa uyoga kwa mwiko, futa kikaango, anza upya na thomu nyingine. Inauma, lakini ni dakika mbili tu.

*Pasta imelainika kama uji.* Hapo hakuna dawa. Watoto wadogo wataipenda.

Kiporo

Ya krimu ikipoa weka frijini kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya saa mbili, na uile kesho yake. Kuipasha, tia maji vijiko viwili vitatu kikaangoni, moto mdogo, geuza taratibu. Rojo litaregea kidogo, si kama la jana. Ya tui pika ya kumalizwa. Tui kwa joto letu hili likilala nje usiku mmoja linachacha kabla ya adhana ya alfajiri, na utaijua kwa harufu tu ukifungua kifuniko.